Rafu ya vitabu vya Dar es Salaam: jibu kwa msomaji aliye Muscat

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nimezaliwa Ilala, nimelelewa na bibi Kariakoo, na huu ni mwaka wa saba niko Muscat kikazi. Nyumba ya bibi iliuzwa, ikavunjwa, leo pamesimama ghorofa la maduka. Wanangu wananiuliza Dar ya zamani ilikuwaje, nami sina cha kuwaonyesha zaidi ya picha mbili za harusi. Naomba unitajie vitabu vinavyoeleza majengo ya Dar, historia yake na maisha ya watu wa kawaida, siyo ya wakubwa peke yao. Kiingereza nasoma, ila kikiwa kigumu sana nakiweka chini. Na vya Kiswahili, je, vipo?"

Marahaba, mwanangu, na pole na ugenini. Nianze na lile ambalo hutalipenda: kitabu kimoja cha Kiswahili kinachoibeba Dar es Salaam yote, kuanzia mawe ya Boma la Kale hadi kelele za konda, mimi sijapata kukiona. Mji wetu umeandikwa vipande vipande. Wa majengo kaandika majengo, wa siasa kaandika siasa, na maisha ya mtaani ukiyataka inabidi uyafuate kwenye riwaya za bei poa ambazo walimu walikuwa wakitunyang'anya darasani. Kwa hiyo nitakupangia rafu nzima. Nitaianzia mahali unapopajua kuliko mimi, yaani nyumbani kwa bibi.

Sijawahi kufika kwa bibi yako, lakini ngoja nijaribu kuichora nyumba yake. Mbele kuna baraza ya saruji, imeng'aa kwa kukaliwa. Mlango uko katikati. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu mwembamba unaonyooka hadi mlango wa nyuma, na kushoto kuna vyumba vitatu, kulia vitatu, kila kimoja na pazia lake mlangoni. Mchana ukumbi una giza kidogo na ubaridi. Mwisho wake ndiyo mwanga wa uani. Uani kuna jiko, bafu, choo, kamba ya nguo, na wapangaji wanaosikilizana mambo hata wasipotaka. Kuta za mwanzo zilikuwa miti na udongo, zikaja kupigwa lipu na chokaa. Paa lilianza na makuti, likafuatiwa na madebe yaliyokunjuliwa, ndipo yakaja mabati. Bibi, kama ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, alikaa chumba kimoja au viwili na vingine akapangisha.

Kama nimepatia, si uganga. Nyumba hizo zilijengwa maelfu kwa sura hiyo hiyo, na yupo mtu aliyezichunguza zikiwa bado hai. J.A.K. Leslie alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Dar katikati ya miaka ya 1950, na matokeo yake yalichapwa mwaka 1963 kwa jina la A Survey of Dar es Salaam. Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742 mjini. Leo kata chache tu za Mbagala zingeweza kukupa idadi hiyo. Leslie anaeleza nani anakaa na nani chumbani, kodi inalipwaje, Wazaramo wanaishije na wageni wa bara, utani wa makabila unasaidiaje wakati wa msiba, kijana aliyetoka kijijini leo anafikia kwa nani. Ni ofisa wa mkoloni, na mara kwa mara utaisikia sauti yake ya juu juu, ya mtu anayewatazama watu kutoka dirishani. Msome hivyo hivyo. Aliingia vyumbani kwa watu zaidi ya wengi waliomfuata, na Kiingereza chake ni chepesi. Hicho ndicho kitabu cha kwanza kwenye rafu yako, hata kama wengine wangekuanzishia mbali zaidi.

Sasa turudi nyuma. Nyumba ya bibi haikuota Kariakoo kwa bahati.

Kabla ya Dar palikuwa na Mzizima, kijiji cha Washomvi na majirani zao Wazaramo. Miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja akaamua kujenga mji kwenye bandari hii iliyojificha, akaanza kupandisha majumba ya mawe, na mwaka 1870 akafariki kazi ikiwa nusu. Ndugu yake Barghash hakuwa na haja nao. Wajerumani walipokuja 1887, na kuufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, walikuta magofu na nyumba chache zinazosimama. Mbili kati ya hizo bado zipo, pale Sokoine Drive. Boma la Kale lina kuta nene za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Siku hizi limo kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam, na ukirudi likizo wapeleke watoto. Nyingine ni Atiman House, nyumba ya mapadre, iliyopewa jina la Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari wa Kikatoliki waitwao Mapadre Weupe, akaja kuwa daktari Karema, Ziwa Tanganyika. Jina la mganga wa Karema kwenye nyumba ya Sultani wa Unguja: hapo hapo umeshaipata Dar.

Kwa kipindi hiki kuna maandishi mawili ninayoyapenda. La kwanza ni toleo la 71 la jarida la Tanzania Notes and Records, la mwaka 1970, lililohaririwa na J.E.G. Sutton na kuishughulikia Dar peke yake: mji, bandari na maeneo ya jirani. Ni la kitaalamu, ila makala yake ni mafupi, na yamo mpaka maelezo ya majengo ya zamani. La pili litakufurahisha, kwa sababu ni la Kiswahili. Mjerumani Carl Velten alikuwa akiwaandikisha Waswahili habari zao, na katika kitabu alichochapa Ujerumani mwaka 1907 imo habari ya zamani za Dar es Salaam kwa maneno ya wenyeji: jinsi Washomvi walivyosumbuliwa na Wakamba, wakamwita Pazi Kilama wa Kizaramo awaokoe, na jinsi deni hilo lilivyoendelea kulipwa baadaye. Kiswahili chake ni cha pwani ya zamani, cha kunywea kahawa. Wasomee watoto kwa sauti. Watacheka kwenye baadhi ya maneno, nawe itabidi umpigie simu mzee akufafanulie.

Ukitaka historia ndefu kwa mpangilio wa miaka, nunua Dar es Salaam: Histories from an Emerging African Metropolis, kilichohaririwa na James Brennan, Andrew Burton na Yusuf Lawi, kikachapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2007. Sura ya kwanza inaupitia mji tangu 1862 hivi hadi mwaka 2000, na hiyo peke yake inatosha kwa bei ya kitabu. Baada ya hapo usisome kwa mfuatano. Ruka hadi sura ya Tadasu Tsuruta, Mjapani aliyekaa akachunguza Simba na Yanga, uone namna timu mbili zilizozaliwa miaka ya 1930 zilivyogeuka kuwa kabila la mtu mjini. Halafu nenda kwa Werner Graebner anayeeleza muziki wa dansi kutoka kwenye vikundi vya ngoma hadi kwenye kumbi za usiku. Kama bibi alikuwa na redio, sura hiyo utaisoma ukiimba.

Nilisema nyumba ya bibi haikuota pale kwa bahati. Wajerumani ndio walioipima Kariakoo kwa mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu, muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, ile Carrier Corps ambayo midomo yetu iliigeuza Kariakoo. Sikiliza linavyotamkwa: jina la kambi ya watu waliobeba mizigo ya vita vya wengine ndilo jina la soko kubwa kuliko yote nchini.

Kisha, miaka ya 1920, Waingereza wakaugawa mji kanda tatu. Hapa ndipo majengo na siasa vinaposhikana, na ndiyo sababu sipendi vitabu vya majengo vinavyosifia milango tu. Kwenye karatasi sheria haikusema Mzungu akae hapa na Mwafrika kule. Ilisema kanda hii ni ya majengo ya aina ya Kizungu, ile ni ya makazi na biashara, na ile ya tatu ni ya majengo ya aina ya kienyeji. Matokeo yake yakawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja ukaachwa katikati kama pazia. Nyumba ya vyumba sita ikawa kitambulisho: ilikwambia unatakiwa kulala upande gani wa mji. Mtu aliyeieleza habari hii vizuri kuliko wote ni James Brennan katika Taifa: Making Nation and Race in Urban Tanzania, cha mwaka 2012. Nakuonya kwamba hiki ni kile kitabu cha kuweka chini. Kisome polepole, sura moja kwa mwezi. Anafuatilia maneno yetu wenyewe, taifa, mwananchi, unyonyaji, yalivyobadilika maana kadiri watu walivyogombania chakula, kanga na vyumba vya kupanga. Mwenzake Andrew Burton ana African Underclass cha 2005, kuhusu vijana waliokuja mjini bila kazi na serikali iliyowaita wahuni na kuwarudisha makwao kwa lori. Ukikisoma utashangaa jinsi operesheni za miaka ya 1970 na ile ya Nguvu Kazi ya 1983 zilivyofanana na za mkoloni.

Upande wa pili wa Mnazi Mmoja, yaani Uhindini, unahitaji hadithi zaidi ya historia. M.G. Vassanji alikulia pale. The Gunny Sack cha 1989 ni riwaya nene. Anza na Uhuru Street, hadithi fupi fupi za maduka, shule, mabinti, na familia moja baada ya nyingine zikifungasha. Bila kujua sheria ya 1971 hutaelewa kwa nini wanafungasha: mwaka ule serikali ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na zikawa mikononi mwa Msajili wa Majumba. Wewe labda bado ulisikia watu wakisema "anakaa nyumba za Msajili". Ghorofa zile za katikati ya mji zenye tarehe na jina la familia ya Kihindi juu ya lango, na ndani wapangaji wa kila kabila, ndizo hizo. Vassanji anakuonyesha upande wa aliyeondoka. Brennan anakuonyesha kwa nini aliyebaki alishangilia. Mmoja bila mwenzake atakudanganya.

Kwenye majengo yenyewe ulitaka picha, nadhani, kwa ajili ya watoto. Basi chukua Street Level cha Sarah Markes, kilichotoka 2011. Ni michoro ya mkono ya mitaa ya katikati ya mji, balkoni, nondo za madirisha, vibanda vya chini ya ghorofa, pamoja na vipande vya maandishi ya watu mbalimbali. Mwenyewe alichora kwa sababu aliona majengo yanavunjwa, na baadhi ya aliyoyachora sasa yamebaki kwenye karatasi tu. Mtoto asiyejua kusoma Kiingereza anaweza kukaa nacho jioni nzima. Cha Laura Sykes, Dar es Salaam: A Dozen Drives around the City, cha 1997, ni mwongozo wa kuzungukia mji kwa gari. Kwa kuendeshea kimeshachakaa, maana barabara si zile na foleni si ile, lakini kwa kujua kona fulani palikuwa na nini miaka ya 1990 hakijapata mpinzani. Ukipenda majengo ya baada ya uhuru yenye ramani na maelezo ya kiufundi, Mholanzi Antoni Folkers ana Modern Architecture in Africa cha 2010. Ni ghali, omba maktaba.

Jengo moja usiache mtu yeyote akuandikie bila wewe kulitazama kwa macho yako: Soko la Kariakoo. Lilifunguliwa mwaka 1975, na aliyelibuni ni Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki. Simama ng'ambo ya barabara utazame juu. Paa ni miavuli ya zege iliyogeuzwa, iliyofunguka kuelekea mbinguni kama mtu anayekinga maji kwa viganja. Na kweli kazi yake ndiyo hiyo: mvua inaingia kwenye miavuli, inateremka ndani ya nguzo, inakusanywa. Pembeni hakuna ukuta wa kuziba, upepo unapita, na harufu ya dagaa na vitunguu inapanda badala ya kutuama. Chini yake kuna Shimoni, soko la chini ya ardhi, ambako mama zetu walikuwa wakishuka ngazi na kapu tupu na kupanda wameegemea upande mmoja. Wageni wengi wanaotafuta "majengo ya kihistoria" hupigwa picha mbele ya kanisa la Azania Front na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, majengo ya Wajerumani yaliyoanza kujengwa mwisho wa karne ya 19, halafu wanalipita soko hili kana kwamba ni gereji. Mimi nikiambiwa nichague jengo moja la kuieleza Dar, nachagua hili, na sijui nitasuluhishwa vipi na wapenzi wa makanisa. Liliungua Julai 2021. Niliwaona wazee wakililia kama wamefiwa.

Mtaa wa pili kutoka sokoni siasa ya nchi hii ilikuwa ikipikwa, na hapo kuna kitabu cha Kiswahili kilichoshiba. Mohamed Said aliandika maisha ya Abdulwahid Sykes kwa Kiingereza mwaka 1998, kisha likatoka toleo la Kiswahili, Maisha na Nyakati za Abdulwahid Sykes. Babu wa familia hiyo alikuja na jeshi la Wajerumani kutoka Msumbiji akiwa askari wa Kizulu. Mwanawe Kleist alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association mwaka 1929. Na wajukuu wakawamo katika kundi lililoanzisha TANU tarehe 7 Julai 1954, kwenye jengo lililojengwa kwa michango na mikono ya wanachama pale New Street, leo Mtaa wa Lumumba. Hoja kubwa ya mwandishi, kwamba mchango wa Waislamu wa Dar ulifutwa kwenye historia rasmi, imezua ubishi mrefu, na wewe utaamua mwenyewe. Kinachonirudisha kwenye kitabu hiki ni mitaa. Anajua nani alikaa nyumba gani, nani alikuwa jirani ya nani, harusi ya fulani ilipigwa tarabu ya kikundi kipi, na barua ya siri ilipigwa taipu chumba gani. Siasa inaonekana ikitoka barazani, kwenye nyumba zile zile za vyumba sita.

Pembeni yake weka TANU Women cha Susan Geiger, cha 1997, ambacho sehemu kubwa ni wanawake wenyewe wakisimulia, Bibi Titi Mohamed akiwa wa kwanza. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, na vikundi vya ngoma ndivyo vilivyosambaza kadi za chama uani kwa uani wakati wanaume wakiogopa kazi za serikali zisiwaponyoke. Katika vitabu vyote nilivyokutajia, huenda hiki ndicho ambacho bibi yako angekuwa na la kuongeza.

Kabla hujaingia huko, jambo dogo litakalokuokoa: mitaa ilibadilishwa majina, na vitabu vya zamani vinatumia ya zamani. Kichwele ndiyo Uhuru. Acacia Avenue iligeuka Independence Avenue, ikaja kuwa Samora. Barabara ya Pugu ndiyo Nyerere. Bila hilo utadhani mwandishi anaeleza mji mwingine.

Dar ya wapigania uhuru wa nchi jirani nitaipitia haraka, maana ina vitabu vingi na vingi vinazungumza zaidi juu ya mabalozi kuliko juu ya mji. Kimoja kinatosha: Revolutionary State-Making in Dar es Salaam cha George Roberts, 2021. Kisome angalau ile sehemu ya Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliyeuawa Oyster Bay tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Utaona mji mdogo ambamo wapelelezi, waandishi wa habari na wapigania uhuru walikutana kwenye hoteli zile zile kila jioni.

Sasa maisha ya kila siku, na hapa ndipo Kiswahili kinapotawala. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, riwaya ya upelelezi, na baada yake mlango ukafunguka: Elvis Musiba na kachero wake Willy Gamba, kisha Ben Mtobwa. Dar es Salaam Usiku ya Mtobwa, ya mwaka 1990, ndiyo ningekuwekea mkononi. Ni ya baa na vyumba vya kupanga, fedha zinazokuja usiku na kuisha alfajiri, wanawake wanaojua thamani yao kuliko wateja wao. Watoto wasubiri kwanza. Wasomi walizidharau riwaya hizi kwa miaka, mpaka Emily Callaci akaandika Street Archives and City Life, 2017, na kuonyesha kwamba vijana waliokuwa wakiziandika na kuziuza mkononi miaka ya Ujamaa ndio waliokuwa wakiujadili mji, wakati serikali ikihubiri kijiji. Nilikuwa na boksi zima la vitabu hivyo, nikalikopesha kwa mtu, na ndiyo mara ya mwisho nimeliona. Ukikuta kimoja kwenye turubai la muuza vitabu wa mtumba, usiulize bei mara mbili.

Kuna viwili vya Kiingereza vinavyoshika njaa na nauli. Aili Mari Tripp alikuwa Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati mshahara wa mwezi ulikuwa ukiisha kabla ya wiki ya kwanza kwisha, na Changing the Rules, 1997, inaeleza familia zilivyoishi kwa "miradi": maandazi, kufuga kuku, kushona, karani wa serikali anayetoroka ofisini saa nane akauze mkaa. Utamkuta mama yako humo. Kingine ni Taken for a Ride cha Matteo Rizzo, 2017, juu ya daladala. Zilipohalalishwa mwaka 1983 nauli ilikuwa shilingi tano, "dala", na jina likaganda. Rizzo alikaa na madereva na makonda akahesabu: tajiri anataka hesabu yake kila jioni, trafiki anataka yake, mafuta yanataka yake, na kinachobaki ndicho dereva anachokwenda nacho nyumbani, iwe ni kitu au si kitu. Baada ya kukisoma huwezi tena kumtukana dereva anayekatisha njia Ubungo bila kwanza kumhurumia kidogo.

Kwa sinema, Laura Fair na Reel Pleasures cha 2018. Ni kinene lakini kinasomeka kama umbea mzuri, na kama wazee wako waliwahi kwenda Drive-In ya Msasani na vyungu vya chakula ndani ya gari, utawakuta.

Ukiniuliza mpangilio, kwa mtu mwenye kazi na watoto: Leslie kwanza, kisha sura ya mwanzo ya kile cha 2007, kisha Mohamed Said kwa Kiswahili, taratibu, michoro ya Markes iwe mezani muda wote, Mtobwa ukichoka. Brennan na Burton mwakani. Vitabu vya Mkuki na Nyota vinaagizwa nje kupitia African Books Collective, kwa hiyo Muscat vitafika. Leslie na toleo la 71 ni vya kutafuta kwa wauza vitabu vya zamani. Ukija likizo, viko sehemu ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Ukiwa mjini pitia pia duka la vitabu la Soma, Mikocheni, ununue ya Kiswahili hapo hapo huku watoto wakinywa juisi.

Na wakati ukisubiri vitabu vifike, chukua karatasi kubwa. Chora baraza, mlango, ukumbi, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani. Kila chumba andika aliyekaa, kazi yake, kabila lake, alikotoka na alihamia wapi. Mpigie shangazi simu kwa vile usivyokumbuka. Ukimaliza nipigie picha unitumie, pamoja na jina la mtaa. Na kama bibi alikuwa akilitaja kwa jina jingine, niandikie hilo alilolitumia yeye, maana wengi wa rika lake mpaka wanaondoka duniani walikuwa bado wakisema Kichwele.